Madaktari tulikuwa wodini, wagonjwa walikuja wamechelewa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji wa Manyoni aliyeandika kwamba corona, kwa upande wetu huu wa Kanda ya Kati, ilikuwa habari ya redioni tu. Hoja yake ni kwamba kama ugonjwa ungekuwepo kweli, madaktari wangesema. "Walikuwa wapi?" aliuliza. Swali ni la haki na sikulikasirikia, ingawa mume wangu alipolisoma alikunja gazeti akaniambia nisijibu. Mimi ni daktari wa wodi ya watu wazima katika hospitali moja ya mkoa wa Dodoma. Jina langu na namba ya simu nimekuandikia pembeni, naomba usivichapishe. Nitawataja wagonjwa, na wagonjwa wana ndugu. Dodoma, pamoja na kuitwa makao makuu na kujaa maghorofa, bado ni mahali ambapo ukitaja mzee fulani wa kijiji fulani, kuna mtu kwenye daladala anaujua ukoo wake. Kwa hiyo vijiji nimevibadilisha.

Mwaka 2020 nitaupita juu juu. Machi 16 Waziri Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza, msafiri aliyeingia Arusha akitokea Ubelgiji, na siku iliyofuata shule zikafungwa. Kwetu hofu ilitangulia ugonjwa. Ndoo za maji tiririka ziliwekwa hadi milangoni kwa vinyozi wa eneo la Majengo, mafundi cherehani wakahamia kwenye barakoa za kitenge, na wodini vitanda vikabaki vitupu kwa sababu hata watu wa kisukari na presha waliogopa kusogea hospitali. Sampuli zilikwenda maabara ya taifa Dar es Salaam, na jibu liliweza kurudi mgonjwa akiwa ameshapona au ameshazikwa. Takwimu za nchi ziliishia mwezi Mei, kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Vyuo vikafunguliwa Juni mosi, shule zote Juni 29, na maisha yakaendelea.

Wimbi ambalo sitalisahau lilikuja baada ya Krismasi ya mwaka ule.

Mgonjwa alikuwa anafika saa nane za usiku, nyuma ya Noah ya kukodi, amefunikwa blanketi, watoto wawili wamemshika huku na huku. Maelezo yalikuwa yaleyale kwa kila familia, hadi nikawa ninaweza kuyaandika kabla hawajafungua mdomo: alianza mafua, ikafuata homa, akanunuliwa vidonge duka la dawa, akafukizwa nyungu ya mkaratusi na mchaichai asubuhi na jioni, siku mbili tatu akapata nafuu, halafu kifua kikabana. Sasa ni siku ya kumi na ngapi, mama? Wanahesabu kwa vidole, wanabishana kidogo. Ya kumi na mbili. Ugonjwa huu humgeuka mtu kati ya siku ya saba na ya kumi, kwa hiyo sisi tulikuwa tunaletewa kilichobaki.

Kile kifaa kidogo tunachobana kwenye kidole kinaonyesha damu ina oksijeni kiasi gani. Mtu mzima asiye na tatizo husoma 95 kwenda juu, akishuka chini ya 90 tunamwekea oksijeni. Miezi ile tulisoma 70, tukasoma 60 na kitu. Mkulima mmoja wa zabibu alikuja kwa miguu yake mwenyewe kutoka kituo cha daladala. Akawasalimia watu wote waliokuwa kwenye foleni, "Mbukwenyi!", akakaa, akaniambia anataka sindano ya kikohozi arudi shambani kwa sababu wanunuzi wanakuja na zabibu haisubiri. Kifaa kikasoma 68. Nilibadilisha kidole. Nilibadilisha kifaa. Nikajipima mimi: 97. Yeye ananicheka, ananiambia, "Binti yangu, mashine zenu mbovu." Mtu anayezungumza na kutania huku damu yake haina hewa ni jambo ambalo sikuwahi kufundishwa chuoni, na wenzangu nchi nyingine walikuwa wanalishangaa vilevile. Alilala kwetu akiwa bado anapigia simu watu wa shambani. Hakumaliza wiki.

Huyo alikuwa na kijana wake, mtu mzima mwenye familia, na ndipo nilipoelewa kwa nini walikuwa wanachelewa. Alinivuta pembeni akasema, "Dokta, nakuomba, mzee asiwekewe ile mashine. Jirani yetu aliwekewa, hakuamka." Hakuwa peke yake. Mitaani watu walikuwa wameona kwamba anayewekewa oksijeni hafiki mbali. Na kwa walichokiona walikuwa sahihi: sisi tulimwekea oksijeni aliyekuja amekwisha, wengi wao wakafa, na anayetazama kutoka nje ya dirisha atasema mashine ndiyo inayoua. Mihadhara haikusaidia kitu. Nilichofanya ni kuchukua barakoa mpya ya oksijeni, nikaivaa mwenyewe kwenye benchi la nje, nikafungua hewa, nikavuta pumzi mbele yake. Kisha nikampa na yeye yake. "Ni hewa tu?" akauliza. Ni hewa tu. Baada ya hapo nilifanya vile kwa kila familia iliyokataa, na muuguzi mkuu wa zamu alinigombeza kwa kumaliza barakoa.

Lakini hofu ya mashine ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba hakuna aliyekuwa amewaambia ndugu hawa kwamba kuna ugonjwa. Mtu atamkimbizaje baba yake hospitali kwa mafua? Akodi gari la shilingi elfu themanini kutoka kijijini, auze mbuzi, kwa mafua? Akili ya kawaida inasema subiri apate nafuu. Na wakasubiri.

Hapo ndipo penye swali la msomaji wa Manyoni, mbona hatukusema. Tulisema, kitandani, kwa ndugu mmoja mmoja, kwa jina la ugonjwa. Kwenye faili niliandika kile nilichokuwa na ushahidi nacho mkononi: nimonia kali, mapafu yote mawili, malaria hakuna, kifua kikuu hakuna. Kipimo cha corona sikuwa nacho na sikuandika kama ninacho. Ningekuwa kwenye hali ileile leo ningeandika vilevile. Ama kusimama hadharani na kutangaza, mtumishi wa umma hatangazi jambo ambalo wizara yake haijalitangaza. Anayeona hilo ni woga amwulize mwalimu au bwana shamba yeyote anayelipwa mshahara na serikali.

Ninachokumbuka ni jinsi neno la wazi, kutoka popote, lilivyobadilisha saa ya watu kufika wodini. Mwishoni mwa Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa waraka likiwataka waumini wachukue tahadhari. Ulisomwa kanisani, ukajadiliwa kwenye jumuiya ndogondogo za Kikristo. Siku hizohizo chama cha ACT-Wazalendo kilisema waziwazi kwamba Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, amepata corona. Alifariki Februari 17. Mimi si mtu wa siasa na sijawahi kupiga kampeni ya mtu. Lakini baada ya hapo mama mmoja alimleta mumewe siku ya tano, anatembea, anakula, kifaa kinasoma 91. Nikamwuliza nani kakutuma mapema hivi. Akasema mwenyekiti wa jumuiya. Mume yule alikaa kwetu, akatumia oksijeni kidogo tu, akarudi nyumbani kwake akiwa mzima. Ningeweza kukuandikia ukurasa mzima wa dawa na mitambo, Mhariri, na bado hakuna tiba niliyowahi kutoa iliyozidi kuletwa siku ya tano badala ya ya kumi na mbili.

Nyungu, kwa kuwa najua nitaulizwa. Sikumkataza mtu kujifukiza. Nilikataza mtu kukaa ndani ya blanketi na sufuria la moto wakati midomo imegeuka rangi, na niliuguza zaidi ya mmoja aliyekuja na kifua kilichobana pamoja na mapaja yaliyoungua.

Dawa iliyofanya kazi ilikuwepo kabatini kwetu miaka yote. Juni 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, katika utafiti ulioitwa RECOVERY, walitangaza kwamba deksamethasoni inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa walio kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa wanaohitaji oksijeni. Miligramu 6 kwa siku, siku zisizozidi 10. Ni dawa ya bei ndogo kabisa. Kwetu ilikaa wodi ya wazazi, kwa sababu akina mama wanaoelekea kujifungua kabla ya wakati huchomwa hiyo ili mapafu ya mtoto yakomae. Kila jioni nilikuwa ninavuka ua kwenda kuazima. Mkunga mkuu aliniangalia nikija akasema, "Dokta, na njiti wangu utawaachia nini?" Tukagawana, tukaandika kwenye daftari nani kachukua chupa ngapi, kama watu wanaokopeshana unga. Tatizo la dawa hii ni kwamba inapandisha sukari, na wagonjwa wengi wa hali mbaya walikuwa na kisukari tayari. Kwa hiyo muuguzi aliyeachiwa wodi usiku alipima sukari, akachoma insulini, akageuza wagonjwa, akabadilisha mitungi, akapokea wapya, akarudi kupima sukari.

Kugeuza wagonjwa nakueleza, kwa sababu kulituchosha na kulituchekesha. Sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongoni, na mtu akilala chali inabanwa. Ukimlaza kifudifudi, sehemu ile inafunguka na oksijeni inapanda bila kuongeza hata lita moja. Kazi ni kumshawishi. Bibi mmoja wa upande wa Chamwino, mwenye heshima zake, alinitazama kwa mshangao mkubwa. "Nilale tumbo chini, mbele ya mkwe wangu?" Aliyekuwa anamwuguza alikuwa mume wa binti yake. Nisingeweza kubishana na hilo, hata kwetu Bahi lisingekubalika. Mkwe akatolewa nje, tukampigia simu binti, tukamfunika bibi kanga mbili, tukamweka mito ya nguo chini ya kifua. Kifaa kilipanda kutoka 82 hadi 91 kabla chai haijafika. Alilala hivyo siku nyingi akilalamika kwa Kigogo maneno ambayo wauguzi wa kutoka Kilimanjaro walishukuru kutoyaelewa. Alipona. Msimu uliofuata alimtuma mjukuu aniletee mlenda mkavu na karanga, na salamu kwamba bado analala chali.

Tulikuwa tunaogopa, kama msomaji wa Manyoni anataka kujua. Nyumbani nilioga bafu la nje kabla ya kugusa mtu, nililala chumba cha wageni, na mama yangu nilizungumza naye kwa simu tu, yeye akidhani nimemnunia. Muuguzi mwenzetu aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, aliyenifundisha kutafuta mshipa wa mtoto mchanga nilipokuwa daktari wa mazoezi (intern), alilazwa kwenye wodi aliyokuwa anaifanyia zamu. Alikuwa anasoma chati yake mwenyewe. Alituelekeza tupunguze maji ya dripu. Alipofariki tulichanga rambirambi, wakaenda wawakilishi wachache msibani, wengine tukabaki kwa sababu zamu haikuwa na mtu. Kuhusu hilo sina zaidi la kuandika.

Rais Samia alipoingia madarakani Machi 2021 aliunda kamati ya wataalamu, na Julai 28 alichanjwa mbele ya kamera. Chanjo za kwanza, dozi 1,058,400 za Janssen kutoka Marekani, zilikuwa zimefika siku chache kabla. Wakati huo wimbi jingine lilikuwa limeshaanza, katikati ya baridi na upepo wa vumbi wa Dodoma ambao peke yake humkohoza mtu. Lakini safari hii watu walikuwa wamesikia. Walikuja mapema zaidi, walikuja wengi zaidi, na ndipo tulipogundua kwamba hata tukiwapata mapema, hewa haitoshi.

Hesabu yake ni rahisi. Mtungi mkubwa una lita 6,800 hivi. Mgonjwa wa hali mbaya anatumia lita 15 kwa dakika. Mtungi unakwisha kwa saa saba na nusu. Wagonjwa sita wa aina hiyo wanakula mitungi karibu 20 kwa siku, na kila mtungi ni mzito kuliko msichana anayeusukuma kwenye kitoroli usiku. Mashine za umeme zinazochuja hewa hazihitaji mitungi, ila nyingi zetu zilitoa lita 5 tu, zikamfaa anayeanza kuumwa, na umeme ukikatika zinanyamaza zote kwa pamoja. Usiku mmoja jenereta lilichelewa kuwaka. Sote, daktari, wauguzi, mlinzi na mfagizi, tulikimbilia mitungi miwili ya akiba tukaihamisha kitanda hadi kitanda kwa mwanga wa simu. Kila mtu alivuka, na mlinzi yule, ambaye hajasomea chochote cha tiba, leo anajua kufungua regulata ya mtungi kuliko madaktari vijana wanaoletwa kwetu.

Oktoba 2021 mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa mapambano dhidi ya UVIKO-19 (corona), kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ulizinduliwa hapahapa Dodoma. Wengi wanaukumbuka kwa madarasa, nami nayashukuru, watoto wa dada yangu wanasoma humo. Ulileta pia majengo ya dharura na ya wagonjwa mahututi, na mitambo. Jengo halinipi shida. Shida ni mashine inayokaa stoo kwa sababu kichujio chake kimeziba na anayejua kukibadilisha yuko mkoa mwingine. Ninazo za namna hiyo, ninapita mlango wake kila asubuhi. Kabla ya kununua mtambo mwingine, hospitali ya wilaya iwe na fundi vifaa tiba anayeishi wilaya hiyo, na fungu la vipuri lisiguswe kwa semina.

Na vile vifaa vya kidoleni vifike zahanati zote, na kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba hadi nyumba. Bei yake haizidi simu ya kitochi. Mkulima wangu wa zabibu angepimwa kijijini siku ya sita akiwa na 92, akaambiwa twende, angebisha, lakini angebishana na namba.

Januari 20, 2025, Rais alitangaza hapa Dodoma, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani Dk. Tedros Adhanom Ghebreyesus akiwa pembeni yake, kwamba Marburg, homa ya virusi inayoambukiza na kuua, imethibitishwa Kagera. Siku chache nyuma serikali ilikuwa imesema hakuna Marburg, hilo nalijua. Hata hivyo ugonjwa ulitangazwa, kwa jina, na wilaya ikatajwa, Biharamulo. Siku iliyofuata mgonjwa mwenye homa aliyesafiri kutoka Biharamulo alifika kwetu akajieleza mwenyewe mapokezi kabla ya kuulizwa. Akatengwa, akapimwa, ikawa malaria. Wauguzi walivaa gauni na glavu bure, na sijasikia hata mmoja akilalamika.

Nimalizie na binti mmoja. Alikuwa muuguzi aliyehitimu, hana ajira, anajitolea kwetu kwa posho ya nauli ambayo haikuja kila mwezi. Ndiye aliyesukuma mitungi, ndiye aliyempanga bibi mito, ndiye aliyebaki usiku ule wa giza wakati zamu yake ilikuwa imekwisha. Wimbi lilipopungua alisubiri ajira, akaomba kila tangazo lilipotoka, akasubiri tena. Leo anauza vitenge sokoni Majengo na ukimwendea na kikohozi bado anakuuliza kimeanza lini. Nimeshaandika barua mbili za kumpendekeza na hii ni ya tatu, safari hii nimeipitisha gazetini. Leseni yake ni hai, ada anailipa kwa fedha za vitenge. Anayehusika na ajira akihitaji namba yake ya simu, Mhariri anayo yangu.

Daktari,
Dodoma.
(Jina limehifadhiwa)